Guild Wars na Guild Wars 2: Majibu kwa Wanaoniuliza Kuhusu Tyria

Kila nikimtajia mtu Tyria, dunia ya gemu za Guild Wars, maswali huja kwa mafungu, na mengi ni yale yale. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa sentensi moja kwa sababu hayahitaji zaidi, na mengine nimekaa nayo kwa muda kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niipende dunia hii tangu mwaka 2007 hadi leo.

Guild Wars ni nini hasa?

Ni gemu ya kompyuta inayochezwa kwa intaneti, ambayo unamtengeneza mhusika wako, unamchagulia fani, kisha unaishi naye katika dunia ya kubuni iitwayo Tyria. Kuna falme zinazogombana, miungu mitano inayojulikana na wa sita ambaye wenzake walilifuta jina lake lisikumbukwe, na majoka waliolala chini ya ardhi. Unapigana, unasafiri, unafuata hadithi, na ukitaka unaingia kwenye viwanja kupambana na wachezaji wengine.

Imetengenezwa na ArenaNet, studio iliyoko Bellevue katika jimbo la Washington, Marekani. Waliianzisha mwaka 2000 watu watatu waliotoka kampuni ya gemu ya Blizzard: Mike O'Brien, Patrick Wyatt na Jeff Strain. Mchapishaji ni NCsoft ya Korea Kusini. Kampeni ya kwanza, ambayo sasa huitwa Prophecies, ilitoka Aprili 2005. Factions ikafuata Aprili 2006, Nightfall Oktoba mwaka huohuo, na nyongeza ya Eye of the North Agosti 2007. Guild Wars 2 ilitoka tarehe 28 Agosti 2012.

Kwa nini uliishia huku, na si kwenye gemu nyingine kubwa za wakati ule?

Jibu la kwanza ni pesa, na sioni haya kulisema. World of Warcraft ilikuwa imetoka Novemba 2004 na ilitoza karibu dola 15 kila mwezi. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa na kadi ya benki ya kulipia vitu vya mtandaoni, na hata ingekuwepo, nani angemwambia mama kwamba kila mwisho wa mwezi kuna deni la mchezo? Kaka yangu aliporudi kutoka masomoni Uingereza alikuja na kisanduku cha Guild Wars. Ndani kulikuwa na diski na namba ya kufungulia akaunti. Tuliingiza namba ile mara moja. Tangu siku ile akaunti yangu haijawahi kufungwa kwa kutolipa, kwa sababu hakuna cha kulipa. Unanunua, inakuwa yako.

Jibu la pili nililijua baadaye sana, na ndilo lililonibakiza. Gemu hii haiyafuti uliyoyafanya. Katika nyingi ya gemu za aina hii, kila nyongeza mpya inapotoka, ngazi ya juu inapandishwa na silaha uliyohangaikia miezi sita inageuka chuma chakavu. Guild Wars ilikomea ngazi ya 20 mwaka 2005, na imebaki 20. Guild Wars 2 ilikomea 80 mwaka 2012, na imebaki 80. Deraya niliyoivaa miaka kumi iliyopita bado inanifaa kuingia nayo vitani leo. Ukitoka kwa mwaka mzima kwa sababu ya mitihani, kazi au mtoto mchanga, ukirudi unakuta mlango uko wazi na kiti chako kipo palepale.

Kwa hiyo ni bure?

Ya kwanza unainunua. Ya pili, sehemu yake ya msingi imekuwa bure tangu Agosti 2015, na nyongeza ndizo zinazouzwa, zikiwemo Heart of Thorns (2015), Path of Fire (2017), End of Dragons (2022), kisha Secrets of the Obscure (2023) na Janthir Wilds (2024). Akaunti ya bure ina mipaka, kama vile nafasi mbili tu za wahusika na vizuizi kwenye soko na kwenye kuandikiana na watu, ila hadithi yote ya msingi hadi ngazi ya 80 unaimaliza bila kutoa senti.

Kuna duka la ndani linalotumia vito. Vito hununuliwa kwa pesa halisi, au kwa dhahabu unayoichuma ndani ya gemu. Vingi vinavyouzwa ni mavazi, rangi na vitu vya kukurahisishia maisha. Mimi vito vyangu vyote nimevipata kwa dhahabu ya jasho, kwa hiyo najua inawezekana.

Nianze na ipi?

Kama una kompyuta yenye nguvu kidogo na unataka watu wengi kukuzunguka, anza na ya pili. Hadithi yake inaeleweka bila ya kwanza. Lakini ukiniuliza kwa moyo wangu, anza na ya kwanza, hata kwa mwezi mmoja tu. Sababu utaiona nikifika kwa Gwen.

Watu husema Guild Wars ya kwanza ni kama mchezo wa karata. Wana maana gani?

Wana maana ya skili nane, yaani mbinu za kupigania. Kwa jumla gemu ina skili zaidi ya 1,300, lakini ukitoka nje ya lango la mji unabeba nane tu, na kati ya hizo moja tu ndiyo ya daraja la juu. Ukishatoka huwezi kubadilisha. Uchaguzi wote unafanyika mjini, kama mpishi anayepanga viungo kabla moto haujawaka.

Zaidi ya hapo, kila mhusika ana fani mbili, ya kwanza na ya pili. Mpiganaji mwenye upanga anaweza kuchota skili za mtawa anayeponya. Mwindaji anaweza kujifunza kuamsha wafu. Fani ninayoipenda ni Mesmer, bingwa wa kiinimacho. Hapigi kwa nguvu. Anasubiri adui aanze kutamka uchawi, kisha anaukata katikati na kumgeuzia maumivu. Kuna usiku nilikaa mpaka saa nane nikipanga na kupangua skili nane kwa ajili ya bosi mmoja. Nilipopata mpangilio uliofaa, pambano liliisha kwa dakika mbili. Sijapata gemu nyingine inayokulipa hivyo kwa kufikiri.

Skili za daraja la juu kwa kawaida hazinunuliwi. Unamtafuta bosi mwenye skili hiyo, unamuua, kisha unaichukua kutoka kwenye mwili wake. Kwa hiyo hata ukikutana na mchezaji tajiri, ukiona skili fulani kwake mara nyingi unajua amefika mahali fulani kwa miguu yake.

Sina marafiki wanaoicheza. Naweza peke yangu?

Ndiyo. Nje ya miji, ya kwanza hukutengenezea nakala yako ya eneo, wewe na kikundi chako tu. Nightfall ilileta mashujaa wanaoendeshwa na kompyuta, ambao unawapangia skili na silaha mwenyewe, na tangu Machi 2011 unaweza kutoka na saba wao. Nimemaliza kampeni zote tatu hivyo, nyakati ambazo mtandao wa kwetu haukuniruhusu kujitolea kwenye kikundi cha watu. Mashujaa hawakasiriki umeme ukikatika.

Ya pili ni tofauti. Huko wote mko kwenye eneo moja, na imejengwa ili kumwona mchezaji mwingine kuwe furaha. Mti unaokata mbao hauishi kwa sababu mwingine aliutangulia, kila mmoja ana fungu lake. Ukimsaidia mtu kumuua adui, nyote mnapata. Mtu yeyote anaweza kumwinua yeyote aliyeanguka. Mara nyingi nimelala chini nikijua nimekufa, nikaona mgeni asiyenijua anakatiza uwanja wa vita kuja kunishika mkono. Hakusema neno. Aliniinua akaenda zake.

Ni kweli kwamba katika ya kwanza huwezi hata kuruka?

Kweli. Kizingiti cha futi moja kinakuzuia, unazunguka. Ya pili imeruhusu kuruka na ikaweka mafumbo ya kupanda majabali na minara yaliyofichwa kila kona, kisha Path of Fire ikaleta wanyama wa kupanda, kila mmoja na mwendo wake: mmoja anaruka mbali, mwingine anaruka juu, mwingine anateleza juu ya maji na mchanga. Kwa kutembea na kuchunguza, ya pili imeishinda ya kwanza kabisa.

Gwen ni nani, na kwa nini wachezaji wa zamani wanamtaja kama ndugu yao?

Ukianza Prophecies unaamka Ascalon, nchi ya majani mabichi na mito, siku za amani. Nje ya mji kuna mtoto wa kike, Gwen. Anakufuata. Anapenda maua mekundu. Filimbi yake imevunjika, na ukimpatia nyingine anaipiga na wewe unapona majeraha. Hakuna kazi inayokulazimisha kumjali. Unaweza kumpita tu, lakini wengi hawakumpita.

Kisha unafika mahali gemu inakuuliza kama uko tayari kuendelea. Unakubali. Charr, viumbe wenye umbo la paka wakubwa wenye pembe, wanashusha moto kutoka angani, na Ascalon yote inaungua. Unaamka miaka miwili baadaye katika nchi ya majivu, mto umekauka, miti ni mikaa. Huwezi kurudi nyuma na mhusika yule. Gwen hayupo, na hakuna anayekuambia yuko wapi.

Wachezaji wa mwanzo walingoja kutoka mwaka 2005 hadi Agosti 2007. Katika Eye of the North tulimkuta ni mwanamke mzima, mpiganaji, aliyetekwa na Charr utotoni akaishi utumwani hadi akatoroka. Ana hasira ambayo kila mmoja wetu aliielewa, maana tulikuwepo. Baadaye aliolewa na Keiran Thackeray. Na ukifungua Guild Wars 2, kapteni Logan Thackeray anayekupokea kwa upande wa wanadamu ni mjukuu wa vizazi vyake. Mtu aliyeanza na ya pili anamwona askari tu. Mimi namwona mtoto wa filimbi.

Guild Wars 2 inaanzia wapi baada ya hapo?

Karibu miaka 250 baadaye. Hapo ndipo ujasiri wa watunzi ulipo, na nitalieleza hili kwa kirefu.

Wangeweza kuirudisha Ascalon kuwa kijani na kutupa ushindi tulioutamani. Badala yake, Ascalon imeshakuwa nchi ya Charr. Mfalme Adelbern, yule tuliyempigania katika gemu ya kwanza, alipoona mji wake unaanguka alifanya uchawi uliowageuza watu wake mizuka, ili waendelee kupigana milele bila kumtambua rafiki wala adui. Na wewe unaweza kuchagua kuwa Charr. Jamii ziko tano: wanadamu, Charr, Norn wenye miili mikubwa wanaokaa kwenye baridi, Asura wafupi wenye akili kali, na Sylvari waliochipuka kutoka kwenye mti.

Nilijiapiza kwamba sitacheza Charr. Miezi miwili baadaye nikamtengeneza mmoja, kwa sababu rafiki yangu alinisihi. Nikaamka Ashford. Jina lile lile! Nilipokuwa mwanadamu mgeni, Ashford ilikuwa mahali pa kwanza nilipojifunza kupigana. Sasa ninatembea juu ya magofu yake kwa miguu ya adui yangu, na mizuka ya watu niliowahi kuwatetea inanirukia kwa panga. Nikashuka kwenye makaburi ya chini kwa chini ya Ascalon, na mwisho wa shimo alikuwa Adelbern mwenyewe. Nilimpiga hadi akaanguka. Nilizima kompyuta nikatoka nje kukaa barazani.

Hadithi kubwa ya ya pili ni majoka wakongwe wanaoamka mmoja baada ya mwingine. Zhaitan alipoinuka pamoja na nchi ya Orr iliyokuwa chini ya bahari, mawimbi yaliizamisha Lion's Arch, mji wa bandari ambao wachezaji wa ya kwanza waliujua kila kichochoro. Ulijengwa upya kwa mabaki ya meli. Mwaka 2014 ukabomolewa tena katika vita vya Scarlet Briar, Sylvari aliyeushambulia, tukiwa ndani, tukiwatoa watu kwenye moshi. Mwaka 2015 ukasimama tena. Ukienda leo unauona mji mzuri, na ukikutana na mkongwe pale atakuonyesha palipokuwa na nini.

Nimesikia kuna Afrika ndani yake. Ni kweli?

Kuna Elona, bara la Nightfall, na watunzi walichota Afrika kulijenga, hasa kaskazini: majangwa, majumba ya mawe, mbuga kavu, fisi. Majimbo yake ni Istan ambayo ni kisiwa, Kourna na Vabbi. Wahusika wakuu ni watu weusi wenye hadhi, majemadari na wasomi: Koss, Melonni, Dunkoro, Tahlkora. Mwaka 2006 hilo halikuwa jambo dogo. Nilikuwa nimezoea gemu ambazo mtu mwenye rangi yangu ni jambazi wa pembeni au hayupo kabisa, na hapa nikawa mwanachama wa Sunspears, walinzi wa nchi nzima.

Moja ya fani mpya ilikuwa Dervish, na neno hilo mtu wa pwani halihitaji kufasiriwa: ni darweshi. Anapigana kwa mundu mrefu na anavaa sura ya miungu kwa muda. Na mji mkuu wa Istan, Kamadan, ni bandari ya kisiwani yenye ngazi na jua, ambako wachezaji wa dunia nzima walijazana kuuza na kununua kwa kuandika matangazo yao hewani. Ni gulio hasa: unasikiliza bei, unapuuza, unarudi, unabembeleza. Siku ya kwanza niliposimama pale nilijihisi nyumbani.

Bara hili lina dosari. Elona ni mchanganyiko, tamaduni zilizo mbali zimewekwa kwenye chungu kimoja, na usiende ukitafuta Kiswahili wala historia ya kwetu. Pia wengi tuliumia kwamba mwisho wa Nightfall Kormir, kiongozi wa Sunspears, ndiye anayekuwa mungu baada ya sisi kubeba kazi. Lakini mwaka 2017 Path of Fire iliturudisha huko, na tukakuta Palawa Joko, mfalme mfu, ametawala kwa vizazi na amewaandikia watoto historia inayomsifu yeye. Kusikia watoto wale wakisimulia mambo niliyoyashuhudia, tena kinyume chake, kuliniuma kuliko pambano lolote.

Intaneti na mashine za kwetu zinaweza?

Ya kwanza inaweza kwenye karibu mashine yoyote yenye Windows inayowaka. Inashusha kidogo kwanza, kisha maeneo mengine yanakuja kadiri unavyoyafikia, na yote kwa pamoja haifiki GB 5. Kwa bando la usiku inatosha.

Ya pili inakula makumi ya GB na inataka kadi ya picha ya wastani. Inaposakinishwa kuna hatua ambayo mshale unakuambia unaweza kuanza kucheza kabla haijamalizika kushuka. Mimi nakushauri ungoje imalizike. Chagua seva za Ulaya ukiwa Afrika Mashariki. Kuna mchelewesho kidogo, unahisiwa zaidi kwenye kukwepa mapigo, na mwili unauzoea baada ya wiki.

Mimi ni mzazi. Mwanangu ana miaka 13, nimruhusu?

Shikamoo. Nchini Marekani zote mbili zimewekwa kwenye daraja la vijana wa miaka 13 kwenda juu. Kuna mapigano, hakuna uchafu. Cha kuangalia ni mazungumzo na wageni, na muda. Kaa naye jioni moja akuonyeshe mhusika wake. Kiingereza changu cha kusoma kilinyooka kwa sababu ya gemu hii, maana haina Kiswahili na nilitaka kujua kila mtu anasema nini.

Mtu ameniahidi dhahabu kwa bei nafuu nje ya gemu. Ninunue?

Usinunue. Akaunti hufungwa, na wengi wanaouza wameiba kwa wengine. Weka uthibitisho wa hatua mbili leo hii.

Hall of Monuments ni kitu gani?

Ni ukumbi ulioletwa na Eye of the North, ambako unaweka kumbukumbu za uliyoyafanya katika gemu ya kwanza: deraya ulizozishona, silaha, wanyama, mashujaa waliokufuata, vyeo. Kila kumbukumbu ina alama, hadi 50. Ukiunganisha akaunti zako mbili, alama hizo zinafungua vitu katika ya pili, mavazi na silaha hadi alama ya 30, na juu ya hapo ni vyeo vya heshima. Mimi ninazo 38.

Lakini zawadi siyo nguo. Katika ya pili unapewa jiwe linalokupeleka kwenye ukumbi huohuo, sasa ni gofu, theluji inaingia, miaka 250 imepita. Mhusika wako mpya anasimama mbele ya sanamu na anaambiwa kwamba hizi ni kazi za mzee wake wa kale. Mzee huyo ni wewe ulivyokuwa na miaka kumi na sita, kwenye kompyuta ya kaka yako, feni ikizunguka.

Bado kuna watu kwenye ya kwanza? Ascalon ile ya kijani bado ipo?

Watu wapo. Mwaka 2025 ilitimiza miaka 20 na seva ziko wazi. Sikukuu bado zinafanyika, na Mad King Thorn, mfalme mwenye kichwa cha boga, bado anatokea mwishoni mwa Oktoba katika gemu zote mbili kuwaamrisha watu waigize anachosema.

Na Ascalon ipo. Tengeneza mhusika mpya wa Prophecies, na usikubali unapoulizwa kama uko tayari kuendelea. Kuna wanaokaa humo kwa miaka, wanapanda hadi ngazi ya 20 bila kutoka, na wanapewa cheo cha mtetezi wa Ascalon. Mimi nina mhusika mmoja niliyemwacha huko tangu mwaka 2009, yuko ngazi ya 11. Huwa naingia naye asubuhi za Jumapili, nachuma maua mekundu njiani, na kule chini kwenye daraja Gwen anakuja mbio.